Gramu 250 za Ukarimu

Kama uko jikoni endelea na kazi yako, na kama uko njiani shika usukani vizuri, sauti yangu itakufuata. Leo nataka tuzungumzie mzigo mdogo katika begi la msafiri. Hauna uzito wa kumchosha mtoto, lakini nimeuona ukiwatoa watu wazima jasho mbele ya meza ya forodha. Nazungumzia tumbaku: sigara, ugoro, tumbaku ya kiko, vile vitu mtu anavyorudi navyo nyumbani baada ya kutembea nchi za watu.

Nianze na niliyoyaona kwa macho yangu. Tulikuwa tumeshuka ndegeni alfajiri, kila mtu amesimama kwenye mkanda anasubiri begi lake. Mbele yangu alikuwa mzee wa rika la baba yangu, kanzu nyeupe na kofia ya kufuma kwa mkono, pamoja na binti yake. Walikuwa wanatoka Dubai, kutembea. Mzee alishika mfuko wa karatasi ngumu inayong'aa, ule wanaokupa kwenye maduka ya uwanja wa ndege yasiyotoza ushuru. Ulikuwa wazi kidogo mdomoni, na ndani nikaona katoni tatu za sigara zimepangwa kama matofali.

Mabegi yalipofika, mzee na binti yake wakafuata mlango wa kijani, ule wa wasio na cha kulipia ushuru. Hapo alisimama afisa forodha, dada mdogo tu, sare imenyooka. Akamwamkia.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Hujambo?"

"Sijambo, baba. Mfukoni mna nini?"

"Sigara tu, mwanangu. Katoni moja yangu, mbili za ndugu zangu."

Yule dada akaupokea mfuko kwa mikono miwili, akauweka mezani, akasema neno ambalo sijalisahau: "Baba, sheria hapa inakuona wewe peke yako. Ndugu zako haiwaoni."

Mzee yule nitamrudia. Kwanza twende kwenye sheria yenyewe, taratibu, maana redio haina ukurasa wa kufunua nyuma.

Nchi zetu za Jumuiya ya Afrika Mashariki zina sheria moja ya forodha. Ni Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004, na ilianza kutumika pamoja na umoja wa forodha mwanzoni mwa mwaka 2005. Mwishoni mwake kuna majedwali, na misamaha ya abiria imeandikwa katika Jedwali la Tano. Ukitoka nje ya nchi za Jumuiya ukashuka Dar es Salaam, Zanzibar, Mombasa, Nairobi, Entebbe au Kigali, kipimo ni kilekile.

Kipimo chenyewe ni hiki. Sigara za aina zote, nyembamba na nene, tumbaku ya kiko au ya kusokota, na ugoro, vyote kwa jumla visizidi gramu 250. Nairudia: vyote kwa jumla, gramu 250. Neno "kwa jumla" ndilo linalowaponza wengi. Mtu anadhani ana gramu 250 za sigara, na gramu 250 nyingine za kiko, na nyingine za ugoro wa bibi. Hapana. Kapu ni moja, na kila unachotia humo kinapunguza nafasi ya kingine.

Tupige hesabu pamoja. Sigara moja ya kawaida ina uzito usiofika gramu moja, au unaoikaribia. Pakiti ina sigara 20, katoni ina pakiti 10, kwa hiyo katoni moja ni sigara 200. Katoni moja inaingia kwenye kipimo na kubakiza nafasi ndogo. Katoni ya pili haiingii. Na ukiwa na katoni moja pamoja na kopo la gramu 100 la tumbaku ya kiko, umeshavuka.

Wapo pia wanaobeba tumbaku ya shisha. Hiyo ni nzito, imelowekwa kwenye asali na manukato, na kopo moja la kilo ni mara nne ya kipimo. Kabla hujafika hata kwenye mizani, kumbuka kwamba Tanzania ilipiga marufuku shisha mwaka 2016, Uganda iliikataza katika sheria yake ya kudhibiti tumbaku ya mwaka 2015, na Rwanda ikafuata Desemba 2017. Hapo mambo yanavuka ushuru na kuingia kwenye marufuku.

Sheria hiyohiyo inaweka masharti mengine ambayo watu wengi hawajayasikia. Mzigo uwe ni mali ya abiria mwenyewe, na awe anasafiri nao. Uwe ni kwa matumizi yake au ya nyumba yake. Usiwe bidhaa ya biashara, wala kitu cha kuuza au kuwapa watu wengine. Na msamaha huu wa tumbaku, kama ule wa pombe na manukato, ni wa mtu aliyetimiza miaka 18. Ukisafiri na watoto wako watatu, hesabu ni yako peke yako. Huwezi kumvisha mtoto wa darasa la nne katoni ya sigara ukasema ni fungu lake.

Sasa umeona kwa nini yule dada alisema sheria haiwaoni ndugu. Hakuwa amekosa adabu. Alikuwa anasoma Jedwali la Tano kwa Kiswahili cha nyumbani.

Wako watakaouliza: kwani serikali inapoteza nini kwa katoni moja ya mzee? Kwa katoni moja, kidogo. Lakini tujiulize msamaha huu ulitoka wapi, ndipo tutajua unalinda nini.

Mwaka 1947, kwenye uwanja wa ndege wa Shannon nchini Ireland, bwana mmoja aitwaye Brendan O'Regan alifungua duka la kuwauzia wasafiri bidhaa bila ushuru. Ndege za wakati ule zikivuka Atlantiki zilitua pale kutia mafuta, na abiria walikaa wakisubiri. Wazo lilikuwa jepesi: mtu huyu yuko safarini, ametoka nchi moja hajafika nyingine, kwa nini alipe kodi ya nchi asiyokaa? Duka likapata wateja, na mfano ukaenea dunia nzima.

Miaka saba baadaye, mwezi Juni mwaka 1954, mataifa yalikutana New York yakakubaliana mkataba wa kurahisisha mambo ya forodha kwa watalii. Mkataba ule ulitaja vitu ambavyo mgeni aruhusiwe kuingia navyo bila kulipa. Kwa tumbaku ulisema hivi: sigara 200, au sigara nene 50, au gramu 250 za tumbaku, au mchanganyiko wake usiozidi gramu 250. Umeisikia hiyo namba? Iweke sheria yetu ya mwaka 2004 kando ya mkataba ule wa mwaka 1954, utakuta gramu 250 zilezile. Nusu karne ilikuwa imepita katikati.

Tuikumbuke basi dunia ya mwaka 1954. Sigara ilikuwa adabu. Mgeni alikaribishwa kwa sigara kama sisi tunavyomkaribisha kwa kahawa na kashata. Watu walivuta ndani ya ndege, ofisini na hata hospitalini. Kweli, watafiti wawili wa Uingereza, Richard Doll na Austin Bradford Hill, walikuwa wameshachapisha mwaka 1950 utafiti uliohusisha uvutaji na saratani ya mapafu, lakini ulimwengu ulikuwa bado haujataka kusikia. Ilibidi ufike Januari 1964 ndipo ripoti ya daktari mkuu wa serikali ya Marekani ilipotamka wazi kwamba sigara inaleta saratani hiyo. Kwa hiyo gramu 250 zilikatwa na watu walioona tumbaku kama starehe ya kawaida ya msafiri. Zilikuwa ukarimu, nami siwalaumu. Kila zama na ukarimu wake.

Lakini wahenga wetu walishatufundisha kwamba ukarimu una kipimo: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mgeni huyu wa gramu 250 amekaa sebuleni mwetu zaidi ya miaka 70. Hatujampa jembe.

Wenzetu wengine wameshampa. Hong Kong tangu mwaka 2010 inamruhusu msafiri sigara 19 tu, yaani hata pakiti moja kamili haifiki. New Zealand ilishuka kutoka sigara 200 hadi 50 mwezi Novemba mwaka 2014. Australia ilishuka hadi 50 mwaka 2012, halafu ikashuka tena tarehe 1 Julai 2017 hadi sigara 25, pamoja na pakiti moja iliyokwisha kufunguliwa. Singapore haina msamaha kabisa: kila sigara unayoingia nayo unaitolea tamko na kuilipia ushuru. Nimesema kila sigara, na ndivyo ilivyo.

Nchi hizo zinafuata jambo lililokubaliwa na mataifa. Mkataba wa Shirika la Afya Duniani wa Kudhibiti Tumbaku, ulioanza kutumika tarehe 27 Februari 2005, unazungumzia bei na kodi katika kifungu chake cha 6. Unasema kodi ni njia nzuri ya kupunguza uvutaji, hasa kwa vijana, kisha unazitaka nchi zikataze au zipunguze, kadiri inavyofaa, uuzaji na uingizaji wa tumbaku isiyotozwa ushuru kwa wasafiri wa kimataifa. Kenya iliuridhia mkataba huo mwaka 2004. Tanzania na Uganda ziliuridhia mwaka 2007. Kalamu zetu zimo humo.

Hapa nataka niseme na ndugu zetu walio Uingereza, maana najua wako wanaotusikiliza, na najua wajomba na mashangazi wanaokwenda kuwatembelea huwa wanabeba. Kule msamaha ni sigara 200, au sigara nene 50, au gramu 250 za tumbaku, na unaweza kugawa nusu kwa nusu. Aliye chini ya miaka 17 hana fungu. Zamani mkazi wa Uingereza aliyekwenda likizo Hispania au Ufaransa alirudi na sigara nyingi kwa matumizi yake, na hesabu ambayo maafisa waliitumia kama mwongozo ilikuwa sigara 800. Tangu tarehe 1 Januari 2021, baada ya Uingereza kutoka Umoja wa Ulaya, anayeingia Uingereza bara kutoka Hispania anahesabiwa sawa na anayetoka Dar es Salaam: sigara 200. Na iko sheria moja pale inayouma. Ukizidisha, hulipii zile zilizozidi peke yake. Unalipia zote za fungu hilo, kuanzia ya kwanza. Ukiingia na sigara 220, zile 20 za ziada zimekula msamaha wa zile 200. Mwambie mjomba kabla hajafunga begi.

Msikilizaji, mpaka hapa nimezungumza kama mtu anayesoma sheria. Naomba sasa nizungumze kama mtoto wa dada wa mtu, kwa sababu jambo hili limepita nyumbani kwetu.

Nina mjomba, anaishi Tanga. Kwa miaka mingi, kila nikisafiri nje, nilimletea katoni moja ya sigara. Mimi mwenyewe sivuti. Nilikuwa nalitumia fungu langu la forodha kumpelekea yeye, na nikipita mlango wa kijani nilijiona nimefuata sheria kwa sababu gramu zilikuwa sawa. Sikuwa nimesoma kwamba mzigo unatakiwa uwe wa matumizi yangu. Uzito ulikuwa wa halali, nia haikuwa.

Mjomba aliipokea katoni kama mtu anayepokea cheo. Aliziweka sigara zile katika kopo la biskuti, na kila alasiri baada ya sala ya Alasiri alilitoa barazani. Wazee wenzake wakija, kopo linafunguliwa, kila mmoja anachukua moja. "Hizi za nje, kaleta mwanangu." Majivu walikung'utia kwenye kifuu cha nazi kilichokaa pembeni ya mkeka. Nikikaa nao nilisikia raha, nisifiche. Nilihisi safari yangu imewafikia na wao.

Siku moja mjomba alinipigia simu. Hakuanza na salamu ndefu kama kawaida yake. Aliniambia amemkuta mjukuu wake, mtoto wa miaka sita, amechutama nyuma ya nyumba. Mtoto alikuwa amekwenda kwenye kifuu, akachagua vipisi vyenye ule ukanda wa dhahabu karibu na kichungi, akavipanga mchangani kimoja baada ya kingine, na kimoja amekibana midomoni. Hakikuwa na moto. Mkononi alikuwa amelishika kopo la biskuti, tupu, kifuniko kimefunguliwa, anamkaribisha mtu asiyekuwepo: "Karibu, hizi za nje."

Mjomba akanyamaza kidogo kwenye simu, kisha akasema: "Mwanangu, usiniletee tena. Ukisafiri, niletee miwani ya kusomea."

Nilikaa na simu mkononi kwa muda. Sheria ilikuwa imenihesabia gramu miaka yote ile, na mimi nikadhani kuhesabiwa gramu kunatosha. Mtoto wa miaka sita alikuwa amenionyesha kile ambacho mizani haipimi: kwamba zawadi inafundisha. Tulimfundisha kwamba kitu cha kumpa mgeni, kitu cha heshima, kitu cha mtu aliyefika mbali, ni sigara. Tulimfundisha kwa ukarimu, barazani, tukicheka.

Ndiyo maana siukubali ule usemi kwamba katoni moja si kitu. Shirika la Afya Duniani linahesabu zaidi ya watu milioni 7 wanaokufa kila mwaka kwa sababu ya tumbaku, na miongoni mwao wako ambao hawajavuta hata moja, wamevuta moshi wa waliokaa nao. Silaha iliyo rahisi zaidi ambayo serikali inayo ni bei. Sigara ikiwa ghali, kijana anachelewa kuianza, na mzee anapata sababu ya kuiacha. Katoni isiyolipiwa ushuru inaingia nyuma ya ukuta huo kwa mlango wa uani.

Na katoni nyingi haziishii barazani. Mnajua na mimi najua kwamba ziko zinazofika dukani. Anakuja mtu na begi, anampa mwenye duka, na jioni zinauzwa moja moja kwa vijana wa shule kama sigara za nje. Kenya iliweka mfumo wa stempu za kodi zinazosomeka kwa mashine mwaka 2013, na Tanzania ilianza stempu za kielektroniki kwenye sigara Januari 2019. Kazi ya stempu ile ni kumwambia mnunuzi kwamba mzigo huu umepitia mlango wa mbele. Pakiti iliyotoka duka la uwanja wa ndege haina stempu hiyo. Siku inapowekwa dukani imeshageuka kuwa magendo, hata kama ilipita mlango wa kijani kwa amani, na aliyeileta ameshaingia kwenye kosa pamoja na aliyeiuza.

Kuna jambo jingine linalonikereketa, nalo ni hili neno "za nje". Tumbaku ni zao letu. Wanaitoa Urambo, Sikonge na Kaliua, mkoani Tabora, na wanaitoa Chunya. Namtumbo, mkoani Ruvuma, wanalima ile ya moshi. Nimesimama mbele ya bani la kukaushia tumbaku ya mvuke huko Tabora. Mkulima anakesha usiku mzima akichochea kuni, maana moto ukizidi jani linaungua na ukipungua jani linaoza, na magogo ya miti ya miombo yamepangwa nje ya bani kufika kimo cha mtu. Jani lile linauzwa kwa madaraja, sehemu kubwa inasafirishwa nje, huko linachanganywa na majani ya nchi nyingine. Inawezekana kabisa kwamba katoni tunayoibeba kwa fahari kutoka Dubai ndani yake mna jani la Urambo, lililokatiwa mti wa Urambo. Tunalipa nauli kwenda kulinunua na kulirudisha.

Sasa tufanye nini? Nina maneno machache kwako msafiri, na machache kwa wenye mamlaka.

Wewe msafiri, jua kipimo chako kabla hujafika dukani. Muuzaji wa duka la uwanja wa ndege atakuuzia katoni tano ukitaka. Kwake yeye ile karatasi yenye jina lako na namba ya ndege ni risiti, haikupi ruhusa ya nchi unayokwenda. Kama unapita nchi ya tatu na kutoka nje ya uwanja, jua na kipimo cha nchi hiyo.

Usibebe katoni ya mtu. Awe jirani wa kiti, awe rafiki wa rafiki anayekwambia "nisaidie hii tu mpaka nje". Ukiulizwa ni ya nani, ukasema ni yangu, umesema uongo mbele ya afisa, na kusema uongo mbele ya forodha ni kosa la jinai. Ukisema si yangu, msamaha umeondoka.

Na kama umezidisha, kwa kujua au kwa kutojua, pita mlango mwekundu. Mlango mwekundu hauna aibu. Ni mlango wa mtu anayesema, "Nina kitu, nihesabieni." Lakini ukichagua mlango wa kijani, miguu yako imeshatoa tamko kabla ya mdomo: umesema huna cha kulipia. Sigara zilizozidi zikikutwa upande ule, unaweza kuzipoteza na ukaongezewa adhabu juu yake.

Kwenu wenye mamlaka. Kwanza, andikeni kipimo hiki kwa Kiswahili, kwa herufi kubwa, ukutani pale watu wanaposubiri mabegi. Gramu 250, katoni moja, miaka 18, kwa matumizi yako mwenyewe. Maneno hayo yanatosha. Tunasimama pale nusu saa nzima tukitazama matangazo ya benki na hoteli. Mzee wa kanzu nyeupe angeusoma ukuta ule, asingefika kwenye meza ile na katoni tatu.

Pili, na hili nalisema kwa moyo wangu wote, tazameni upya namba yenyewe. Jedwali la Tano halikushuka kutoka mbinguni. Nchi wanachama ndizo zilizoliandika, na ndizo zinazoweza kulirekebisha. Kipimo kilichofaa mwaka 1954 tumekibeba hadi leo, na huku tumeshasaini mkataba unaotuambia tukipunguze. Pakiti moja inamtosha mvutaji kufika nyumbani. Anayetaka zaidi atanunua dukani kwetu, kwa bei yetu, yenye kodi yetu, na kodi hiyo inunue dawa katika zahanati zetu.

Nilisema nitamrudia yule mzee. Alisimama mbele ya meza, katoni tatu zimepangwa. Yule dada akamweleza: moja inapita, mbili unaweza kuzilipia ushuru, au uziache. Hakupandisha sauti, wala mzee hakupandisha. Binti yake akamshika kiwiko, akamuuliza polepole, "Baba, baba wadogo utawapelekea nini sasa?" Mzee akaziangalia zile katoni mbili kwa muda, kama mtu anayeangalia nauli yake ikihesabiwa. Kisha akainama, akafungua zipu ya begi lake. Ndani, kati ya shuka na viatu, kulikuwa na mapakiti mawili ya tende.

"Tende wanakula wote," akasema. "Na watoto pia."

Akazisukuma zile katoni mbili upande wa afisa, akaifunga zipu, wakatoka nje. Kulikuwa kumekucha. Nilipofika zamu yangu, yule dada aliniuliza nina nini begini. Nikamwambia: nguo, vitabu, na miwani ya kusomea ya mjomba wangu wa Tanga. Akaniambia pita.